Nguzo Iliyobaki Ndani ya Gare

Butembo haina reli na haijawahi kuwa nayo, lakini gare, stesheni ya treni, tunayo. Mwambie mwendesha pikipiki yeyote wa mji wetu akupeleke Gare, hatakuuliza mara mbili. Atakupandisha mlima, atakushusha mbele ya jengo refu linalotazama barabara ya kwenda Beni, na pale utakuta mabasi, malori, wauza mikate, magunia ya maharage na watu wanaoagana. Treni hutaiona.

Jina lilitoka kwenye kibaraza. Zamani za Wabelgiji jengo hilo lilikuwa ghala la kahawa, na aliyelijenga aliinua sakafu yake ifike usawa wa bodi ya lori, ili magunia yasukumwe tu bila kubebwa mabegani. Mbele aliacha kibaraza kirefu na chembamba, kilichoezekwa bati jekundu juu ya nguzo nne nene za matofali ya kuchoma. Watu waliokuwa wamesafiri hadi Kisangani au Katanga waliporudi walikitazama wakasema, hii ni gare. Kahawa ikaisha, ghala likawa ajansi ya usafiri, jina likabaki.

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba treni itakuja. Baba alifanya kazi pale, nami nilimpelekea chakula cha mchana, ugali na sombe ya majani ya muhogo katika bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Akila, mimi nilikaa ukingoni mwa kibaraza, miguu ikining'inia, nikitazama upande wa Beni.

"Papa, treni itafika saa ngapi?"

"Iko njiani, mama," alinijibu. Kwetu baba humwita binti yake mama. "Basoda bameizuia ku bariere. Haina karatasi."

Wapakiaji, waliowajua vizuri askari wa vizuizini, walicheka mpaka mmoja akaachia gunia.

Kazi ya baba ilikuwa kuita. Alikuwa na sauti nene isiyopasuka hata asubuhi za ukungu, wakati watu wote wa Butembo wanaongea kama wamemeza sufu. Kwenye nguzo ya pili ya kibaraza ilining'inia rimu ya gurudumu la lori, imefungwa kwa waya. Baba aliigonga kwa kipande cha chuma: taratibu wakati wa kupakia, haraka haraka wakati wa kuondoka. Kisha aliita. "Beni, Beni, Beni! Maboya, Kabasha, Beni!" Na kwa upande wa kusini: "Musienene, Lubero, Kirumba!" Aliyatamka majina hayo kana kwamba kila mji ni mtoto aliyechelewa kula. Kwa miaka mingi ule waya ulikuwa umekula tofali la nguzo ukachimba mfereji mdogo, laini ndani, unaotosha kidole. Nilipenda kuweka kidole changu humo na kusikia rimu ikitetemeka ndani ya tofali hata baada ya sauti kwisha hewani.

Jengo lilikuwa linabadilika wakati wote, ila sikujua kwamba majengo hubadilika. Nilidhani ni mimi ninayekua. Badiliko la kwanza ninalolikumbuka ni la sauti. Mwenye ajansi, ambaye wote walimwita patron, aliweka dari ya triplex, mbao nyembamba, chini ya bati, na mvua ikapoteza kelele yake. Kabla ya hapo mvua ya Butembo ilikuwa inasimamisha kila neno ndani ya Gare. Watu walikaa kimya wakingoja, wenye haraka na wasio na haraka. Baada ya triplex waliendelea kubishana juu ya viti huku nje barabara inageuka mto. Kisha mbao za madirisha ziliondoka, vikaja vioo vya kufungua kama magamba ya samaki. Ukuta ukapakwa rangi ya mafuta, kahawia hadi kifuani, ili migongo ya watu isiuchafue. Ncha mbili za kibaraza zikafungwa, moja ikawa ya kinyozi, nyingine ya muuza kadi za simu. Baba alituletea habari hizo wakati wa chakula cha jioni kama habari za jamaa. "Leo bamemufunga mulango ya nyuma," alisema, akatikisa kichwa kwa huruma.

Badiliko lililoingia hadi nyumbani kwetu lilikuwa dogo kuliko yote. Patron aliziba mlango wa ukumbi akafungua mwingine pembeni yake, hatua chache tu kuelekea barabarani, ili abiria wasipishane na mizigo. Waashi walimaliza kupiga plasta jioni. Asubuhi baba alifika wa kwanza kama kawaida, akaelekea ndani kama kawaida, akaingia kwenye ukuta mbichi kwa uso mzima. Alirudi nyumbani na saruji puani na kwenye nyusi. Mama alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka, akasimama mbele yake, akapunga mkono karibu na sikio lake, na baba hakugeuka.

"Haunione," mama alisema. "Tangu lini?"

Baba alijipangusa pua. "Muzuri muzuri sionake tangu ile wakati ya triplex."

Tulihesabu kimoyomoyo. Ilikuwa ni miaka. Alikuwa akipita ndani ya Gare, akipanda ngazi zake, akigonga rimu, akitutania, na hakuna aliyejua, kwa sababu jengo lile lilikuwa linamshika mkono. Daktari alisema macho yalikuwa yakifungwa kuanzia pembeni, polepole, na kwamba hakuna cha kuyafungua tena.

Patron wakati huo alikuwa kijana aliyerithi ajansi kwa baba yake, Mprotestanti, mwimbaji wa kwaya. Alikuja nyumbani akakaa kwenye kigoda, magoti yakimfika kidevuni. "Papa," alisema, "hapana macho njo inaita batu. Ni sauti. Utakuja kesho?"

"Nitakuja. Lakini usihamishe tena mulango bila kusema. Benyewe Baprotestanti munapenda sana kuhamisha-hamisha bintu."

"Na benyewe Bakatoliki munapenda kuingia bila kuangalia."

Ndivyo baba alivyoendelea kwenda kazini, peke yake, fimbo mkononi. Aliteremka kichochoro cha mikaratusi, akafuata ukuta wa parokia, akasikiliza mashine ya kusaga muhogo, akajua amefika. Nyumbani tulimshikia kikombe. Pale Gare yeye ndiye aliyewashika watu: alimwambia mama mzee akae wapi jua lisimpige, alimjua dereva kwa kikohozi chake, aliwafokea wapakiaji waliorusha vifaranga juu ya basi kama viazi. Sijawahi kumwona mtu aliyekuwa mzima kiasi kile mahali pamoja, na nusu mahali pengine.

Halafu patron akaamua kujenga etaje, nyumba ya ghorofa.

Lazima nieleze jinsi tunavyojenga, maana kila kitu kilitokana na hapo. Mfanyabiashara wa Butembo hafungi mlango ili ajenge. Mteja akizoea kwa jirani harudi, kwa hiyo nyumba mpya hujengwa juu ya ile ya zamani wakati ile ya zamani ingali inafanya kazi. Nguzo za beto, yaani zege, zinapanda kuizunguka, dale, sakafu ya ghorofa, linamwagwa juu ya paa lake, na kwa miezi nyumba nzee inaishi ndani ya nyumba mpya, na bati lake, na dari yake, na watu wake wanaouza na kununua. Beto ikikauka ndipo wanaivunja, wanaitoa kwa mlango, karai baada ya karai. Hata leo ukiingia katika maduka yetu marefu yenye vioo vya buluu, waulize watu wazima. Watakuonyesha kwa kidole, hapa katikati palikuwa na nyumba.

Mashimo ya nguzo za beto yalichimbwa, na katika wiki ya kwanza baba aliingia katika mojawapo. Walimtoa kwa kamba. Hakuvunjika, mguu tu uliteguka, lakini alikaa nyumbani mpaka ulipopona. Nilikuwa nimeanza kufundisha shule ya sekondari kule Beni, nikipanga chumba kando ya barabara ya Mavivi, ambako joto linakuamsha kabla ya jogoo na ndege ndogo za uwanjani zinapita juu ya bati. Nilipokuja Jumamosi nilimkuta baba amekaa karibu na mlango, mikono magotini. Hakutania. Hakuuliza habari za barabara. Mtu aliyekuwa akiita miji mizima alisema "ndiyo" na "hapana" kwa sauti ya mgeni. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko.

Mama naye alikuwa ameona. Ndiyo maana hakumkataza moja kwa moja. Alisimama mbele yake akafuta mikono kwenye kitenge.

"Sikiliza muzuri. Utarudia kazi. Lakini ukianguka mara ingine moja, njo mwisho. Utakaa hapa na miye, utachambua maharage."

"Na nikikosa kuanguka?"

"Utaenda mpaka uchoke mwenyewe."

Baba alinyoosha mkono hewani, mama akaukamata, wakaupiga kama watu waliokubaliana bei ya mbuzi. Sisi watoto tulijua kwamba mama hatanii. Baba alijua zaidi.

Mama alinigeukia. "Na wewe mutu ya maneno, utamuelezea ile shantie kila Jumamosi."

Nilidhani kumweleza mtu mahali pa ujenzi itakuwa kazi rahisi. Nilikuwa tayari ninaandika hadithi, nikisomeana na marafiki wachache wa Beni katika chumba cha nyuma cha maktaba ya parokia, na tulipongezana sana. Jumamosi ya kwanza nilimwongoza baba chini ya mbao zilizongoja dale, kati ya miti ya mikaratusi iliyosimamishwa kuzishikilia, mamia ya miti, mwembamba kando ya mwembamba, kama msitu uliopandwa na mtu mwenye hasira. Nilimwambia kwamba ukumbi utakuwa mkubwa na wa kupendeza.

Baba alisimama. "Hiyo 'ya kupendeza' iko upande gani? Mukono ya kuume?"

Wapakiaji waliokuwa karibu walijibu kwa ajili yangu. "Iko juu, Papa! Chunga kichwa!"

Kuanzia hapo nilijifunza kusema vitu ambavyo mguu unaweza kutumia. Upepo unaingia wapi. Maji yatapita wapi mvua ikinyesha. Kipi kiko usawa wa goti, kipi usawa wa paji la uso. Wapi sakafu inabadilika kutoka udongo kuwa saruji. Mahali pa ngazi tatu za zamani walikuwa wanaweka mteremko wa mizigo ya magurudumu, na ilinibidi nitafute namna ya kumwambia mtu kwamba mahali alipokuwa akiinua mguu kwa miaka yote asiinue tena. Baba hakuhesabu hatua. "Kuhesabu ni ya batu bavivu," alisema. Yeye aligonga fimbo chini, akasikiliza, akanuia kitu ambacho sikukijua.

Siku ya kumwaga dale ilikuwa siku yake. Kazi ile haisimami ikishaanza, kwa hiyo patron aliwaita vijana na akina mama hadi wa Vuhovi, wakapanga mstari kutoka kwenye mchanga hadi juu ya ngazi za miti, makarai ya beto yakipita mkono kwa mkono. Mstari ukalegea upande mmoja, ukabanana upande mwingine, watu wakaanza kutukanana. Baba akaiendea rimu. Aligonga taratibu, pigo na karai, pigo na karai, na mwili mzima wa ule mstari ukaanza kupumua pamoja. Mama mmoja akaanzisha wimbo wa Kinande, wengine wakaupokea. Chini ya miguu yao, ndani ya nyumba nzee, gishe ilikuwa wazi na watu walikuwa wanakata tike za Beni. Kila karai lilipomwagwa, vumbi lilianguka kidogo kutoka kwenye triplex juu ya vichwa vyao, nao walijipangusa wakaendelea kubishana juu ya viti vya dirishani.

Baada ya hapo nyumba nzee ilitolewa. Bati jekundu kwanza, kisha triplex ya miaka ile, nyeusi kwa moshi, kisha kuta. Gishe ya kusini haikupata nafasi katika ukumbi mpya. Vita vilikuwa vimefunga barabara, hakuna tena aliyekuwa akiita Kirumba, na patron alisema ataiweka siku barabara itakapofunguka. Kwa sasa aliacha tundu ukutani, limezibwa kwa matofali yasiyopigwa plasta, ili iwe rahisi kuyatoa. Baba alilipapasa tundu hilo alipoonyeshwa. 

Mitihani ya mwisho wa mwaka ilinishika Beni, sikuweza kuja. Sasa yeye ndiye aliyenieleza kwa simu, nami nikiwa nimelala juu ya mkeka kwa sababu ya joto, macho yangu nimeyafumba.

"Leo bameweka karo upande wa gishe," alisema, maana yake vigae vya sakafu. "Ziko baridi na zinateleza. Nimevua viatu."

Nyuma yake nilimsikia mama. "Mwambie ukweli! Anatembea pekupeku mu mji kama mutu mwenye kurogwa!"

"Muguu inaona, kiatu haione," baba aliniambia. "Mama, sauti humu ndani inaenda mbali inarudi pole pole, sawa vile kanisani. Nguzo za kibaraza zimekwisha. Nilizisikia zikianguka. Tatu."

"Zilikuwa nne, Papa."

"Kapita wa bafundi anasema ile ingine baliiangusha wakati nilienda kukula, na rimu baliichunga. Sasa salle iko wazi kama uwanja. Fasi moja ya katikati bado bameifunga na mabati, bako napiga karo. Siku ya kufungua nitapita katikati, mulangoni mpaka ku gishe, mbele ya batu bote."

Nilisikia jinsi alivyokuwa anangoja siku hiyo. 

Nilifika Butembo siku moja kabla ya ufunguzi. Jioni ile hatukwenda Gare. Mama alikuwa akinyoosha mashati. Asubuhi ukungu ulikuwa umelala barabarani. Baba alitoka mbele, kaptura ya kazi ameacha, amevaa suruali ya misa, viatu mkononi. Sisi wawili tulimfuata nyuma kidogo, katika vitenge vyetu vya Jumapili. Tulipofika kwenye mteremko mpya hakuinua mguu kutafuta ngazi. Alipanda kama maji yanavyoteremka, bila kujiuliza. Mama alinibana mkono.

Niliingia nyuma yake, nikauona ukumbi kwa mara ya kwanza. Ulikuwa kama alivyonieleza, upepo mahali pake, ubaridi mahali pake, vioo vya buluu vikigeuza ukungu kuwa kitu cha kanisani kweli. Mabati ya kuficha yalikuwa yameondolewa. Kando ya kuta walisimama waashi, wapakiaji, madereva, patron na mkewe, abiria wa kwanza na mizigo yao. Walikuwa kimya wote. Walikuwa wanatabasamu. Na katikati ya ukumbi, kipana kama mtu mnene, kilisimama kitu kilichofungwa kitenge kipya cha maua kutoka juu hadi chini.

Sikuelewa. Leo naelewa, kwa kuwa walinieleza wenyewe, mmoja mmoja, kwa aibu. Walikuwa wameiacha ile nguzo ya pili ya kibaraza, nguzo ya rimu, kwa heshima ya baba. Patron alikuwa amemwomba kapita apange karo kuizunguka. Walimdanganya kwamba imeanguka ili iwe zawadi ya kushtukiza, na mke wa patron alitoa kitenge chake cha kuifunika hadi baada ya maombi ya padri na mchungaji. Walipomwona baba anaingia mapema, anaelekea katikati, hakuna aliyesema neno, kwa sababu kila mmoja aliamini kwamba ataijua. Walikuwa wamemwona akijua madereva kwa kikohozi. Walitaka kuona uso wake atakaposimama mwenyewe mbele ya nguzo na kuinua mkono.

Kitenge kilikuwa kimemeza sauti. Baba aligonga fimbo, akasikia ukumbi ulio wazi kama uwanja, akaenda kwa mwendo wa mtu anayeangaliwa. Mama alifungua mdomo. Baba akaigonga nguzo kwa paji la uso, mlio mkavu, na viatu vikaruka kutoka mkononi mwake vikateleza mbali juu ya karo. Magoti yalilegea. Mikono ikaikumbatia nguzo yote, kitenge na vyote, akabaki amening'inia hapo.

"Pardon, ndugu yangu," aliiambia nguzo. "Sikukuona."

Hakuna aliyecheka. Damu ilikuwa inashuka kwenye nyusi. Baba alingoja ajibiwe, hakujibiwa, akaanza kumpapasa huyo ndugu aliyenyamaza. Mkono ulipanda juu ya maua ya kitenge, ukasimama usawa wa bega, ukaingia chini ya kitambaa. Nilijua unatafuta nini kabla haujafika. Kidole kiliingia kwenye mfereji wa waya.

Alikaa hivyo, kidole ndani ya tofali, kinywa wazi kidogo.

"Umeanguka," mama alisema. Sauti yake ilifika kila pembe ya ukumbi ule.

"Sikuanguka." Baba hakugeuza kichwa. "Batu bote baseme. Niko wima ao siko wima?"

"Yuko wima!" alijibu mpakiaji mmoja.

"Magoti yalipinda," alisema mwingine, mtu wa haki.

"Kupinda hapana kuanguka," alisema mwanamke mmoja aliyekuwa anasafiri kwenda Beni, kuku wawili kwapani. "Mutu akianguka, goti linagusa chini. Miye nilikuwa naangalia goti. Goti halikugusa."

"Wewe mama ya kuku, ni nani alikuuliza?" mama alimwambia, lakini bila nguvu.

Patron alikuwa amefika katikati. "Papa, tulitaka ikuwe cadeau. Kapita, leta nyundo. Ianguke leo, sasa hivi."

Kapita alikwenda kweli, nikasikia vyuma vikigongana nje. Baba alitoa kidole chake, akakipangusa kwenye shati jeupe.

"Mungeniambia tu," alisema polepole. "Nilikwisha kuiaga hii. Usiku mingi niliiaga. Nilijifunza kupita mahali haiko, na ilikuwa nguvu kujifunza." Kisha akageuza uso, si kwa patron, bali pale alipoisikia pumzi ya mama. "Hapana miye wa kusema ibaki ao iende. Tulipeana mukono. Yeye njo anajua kama nimeanguka."

Wote wakamtazama mama. Kapita alikuwa amerudi, nyundo begani, amesimama mlangoni.

Mama alitembea juu ya zile karo, polepole, nazo ziliteleza kweli, akavua viatu vyake akaviacha hapo hapo. Alishika ncha ya kile kitenge cha maua akaivuta. Kilianguka chote, na nguzo ikatokea, fupi, nyeusi kwa mikono ya watu, na rimu yake juu. Mama alikizungusha kitenge kwenye kichwa cha baba mara mbili tatu akakifunga kwa nguvu juu ya jeraha, mafundo yakisimama kama ya mwanamke anayekwenda sokoni. Mtu mmoja alikohoa ili asicheke. Kisha akamshika baba mkono, akamrudisha hadi mlangoni. Akamgeuza. Wakatembea pamoja kutoka mlangoni mpaka kwenye nguzo, akauweka mkono wake juu ya tofali; kutoka kwenye nguzo mpaka gishe, akauweka juu ya mbao ya gishe; kisha wakarudi tena. Ukumbi wote ulisikiliza miguu minne mitupu juu ya karo.

"Sasa unaijua," alisema mwishoni, akamwachia mkono. Akamgeukia kapita. "Wewe na nyundo yako, umekuja kufanya nini? Rudisha."

Aliokota viatu vyake, akaniita kwa kichwa. Maombi yalikuwa hayajaanza. Padri na mchungaji walikuwa ndiyo kwanza wanafika, wakipeana nafasi mlangoni, kila mmoja akimwomba mwenzake atangulie, nasi tulipita katikati yao.

Tulikuwa tumefika kwenye ukuta wa parokia tuliposikia rimu, taratibu, ya kupakia. Mama alisimama. Sauti ya baba ikatoka ndani ya ukungu, nzito, haikupasuka. "Beni, Beni, Beni! Maboya, Kabasha, Beni!" Mama alisikiliza mpaka ikaisha, kichwa ameinamisha, kama mtu anayeonja chumvi.

"Ile kitenge," alisema tukianza tena kupanda, "ni ya bibi ya patron, eh? Ikirudi jioni tuiloweke mu maji ya baridi. Damu haitoki na maji ya moto."